Gari la Mjerumani na mfuko wa mkulima wa Kibiti

KILA msimu wa korosho na ufuta unapofikia ukingoni na malipo ya mnada yakaingia katika akaunti za wakulima, mazungumzo ya matumizi huanza katika nyumba nyingi za Kibiti, Bungu na Ikwiriri. Wapo wanaoezeka nyumba, wapo wanaolipa ada za shule na wapo wanaonunua pikipiki. Kwa walioweka akiba ya misimu kadhaa, na kwa wafanyabiashara wa mazao na kamba, safari ya kwenda Dar es Salaam kutafuta gari si jambo geni.

Huko katika yadi za magari, kando ya Toyota ambazo kila mtu anazijua, huegeshwa magari ya namna nyingine. Kuna BMW yenye viti vya ngozi, Mercedes-Benz nyeusi yenye nyota puani, Audi na Volkswagen, na kwa wenye mkono mrefu zaidi kuna Porsche Cayenne. Bei iliyobandikwa kwenye kioo mara nyingine haipishani sana na ya Toyota ya kawaida. Muuzaji akishawasha injini, moyo wa mnunuzi huwa umekubali kabla mkono haujafika mfukoni.

Mvuto huo una sababu zake, na si haki kumcheka anayevutika. Magari hayo yametengenezwa na watu wanaoijua kazi yao. Ujerumani ina barabara kuu ambazo sehemu zake nyingi hazina kikomo cha mwendo, hivyo gari la huko huundwa ili litulie barabarani hata linapokimbia. Breki zinazozuia tairi kujifunga, ambazo leo zipo hata katika magari madogo, zilianza kuuzwa katika Mercedes-Benz za daraja la juu mwaka 1978. Bodi ni nzito, mlango ukifungwa unasikika umefungwa, na abiria wa safari ndefu hashuki na maumivu ya mgongo.

Aidha, kuna suala la hadhi. Mara baada ya uhuru, Waafrika Mashariki walibuni neno Wabenzi kuwataja wakubwa waliotembea katika Mercedes-Benz huku wananchi wakitembea kwa miguu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwataka viongozi wajitenge na maisha ya kibepari, lakini heshima ya ile nyota haikufutika vichwani mwa watu. Kijana aliyekulia kijijini anapoona kwamba gari la Mbenzi sasa linaweza kununuliwa kwa fedha za korosho, anaona kama mlango uliofungwa kwa babu yake umefunguliwa kwake.

Swali ambalo mkulima anapaswa kujiuliza ni moja. Gari ambalo likiwa jipya lilinunuliwa kwa thamani ya nyumba nzuri, limefikaje kuuzwa kwa bei ya gari la kawaida?

Bei rahisi ina maneno yake

Magari mengi ya Kijerumani yanayoingia Tanzania hayatoki moja kwa moja Ujerumani, kwa sababu huko usukani uko kushoto. Hutoka zaidi Japani na Uingereza, ambako watu huendesha upande uleule kama Tanzania. Nchini Japani, gari binafsi jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, na baada ya hapo kila baada ya miaka 2. Kadiri linavyozeeka, ndivyo mwenyewe anavyoona gharama ya kulipitisha katika ukaguzi na kubadilisha vipuri inamwelemea. Kwa gari la kifahari gharama hiyo ni kubwa zaidi. Wengi huamua kuuza.

Kwa maneno mengine, gari lile limekuwa rahisi kwa sababu mtu mwenye kipato kikubwa, anayeishi jirani na gereji ya kampuni, amekimbia gharama za kulitunza. Mkulima wa Kibiti anaponunua unafuu wa bei, ananunua pia deni la matengenezo lililomkimbiza mwenye gari wa kwanza. Bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki. Pampu ya maji au gia boksi ya gari la kifahari huuzwa kwa bei ya gari la kifahari, hata kama gari lenyewe limeuzwa kwa bei ya kutupa.

Juu ya hilo ipo kodi. Nchi jirani zimeweka ukuta wa umri: Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 imezuia magari ya kuanzia miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, bali imeuwekea ushuru. Kwa viwango vya TRA vya miaka ya karibuni, gari dogo lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu tu, na la kati ya miaka 8 na 10 hutozwa asilimia 15. Gari lenye injini ya zaidi ya sisi 2000 huongezewa asilimia 10 nyingine, na magari mengi ya Kijerumani ya mwendo kasi yako katika kundi hilo.

Hesabu ya mfano inasaidia. Chukua gari la zaidi ya miaka 10, injini kubwa, ambalo TRA imelithamini kwa shilingi milioni 10 likifika bandarini. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni shilingi milioni 2.5, na thamani inakuwa milioni 12.5. Asilimia 10 ya injini ni milioni 1.25. Asilimia 30 ya uchakavu ni milioni 3.75. VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo ni milioni 3.15. Kodi peke yake inafika shilingi milioni 10.65, yaani imeizidi thamani ya gari, kabla ya tozo ndogo ndogo, gharama za wakala na za bandari.

Sasa iwekwe katika korosho. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ile iliyotangazwa na Serikali Novemba 2018, kodi hiyo ni sawa na zaidi ya kilo 3,200. Kwa mkorosho unaotoa kilo 10, ni mavuno ya mikorosho zaidi ya 320 ya msimu mzima, bila kutoa gharama ya salfa, palizi, vibarua na makato ya chama. Anayenunua yadi haoni kodi hiyo kwa sababu imo ndani ya bei, lakini ameilipa.

Barabara, tochi na matope

Jambo la pili ni mahali litakapotembea. Kutoka Dar es Salaam hadi Kibiti ni takriban kilomita 140 za lami, na tangu Daraja la Mkapa lenye urefu wa mita 970 lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini hasubiri tena kivuko cha Mto Rufiji. Hata hivyo, barabara hiyo inapita katikati ya vijiji. Kila penye makazi kuna kibao cha kilomita 50 kwa saa, kuna matuta, na mara nyingi kuna askari wa usalama barabarani mwenye tochi. Injini ya nguvu za farasi 300 haina pa kukimbilia. Dereva anayejaribu, anaishia kulipa faini ya shilingi 30,000 kwa kosa, na hiyo ndiyo bahati njema. Bahati mbaya ni mtoto aliyekuwa anavuka kwenda shule.

Akiiacha lami, mambo hubadilika zaidi. Kwenda Nyamisati au Mbwera wakati wa masika si safari ya gari lililolala chini. BMW nyingi za miaka ya 2000 ziliuzwa na tairi zinazoweza kutembea kidogo baada ya kupata pancha, na kwa sababu hiyo hazikupewa tairi la akiba. Tairi hizo ni ghali na ngumu, na pancha ya njiani usiku haimalizwi na fundi wa baiskeli. Magari makubwa ya kifahari hutumia shokapu za upepo badala ya springi za chuma. Mpira wake ukichakaa, gari hulala upande mmoja kama ng'ombe aliyechoka, na haliinuki hadi kipuri kipatikane. Porsche Cayenne za mwanzo zenye injini ya silinda nane zilifahamika kwa mabomba ya maji ya plastiki yaliyopasuka kutokana na joto. BMW nyingi za kipindi hicho nazo zina matangi na viungo vya plastiki katika mfumo wa kupoza injini. Vikipasuka na dereva asipozima injini mapema, silinda hedi hupinda.

Maji nayo ni adui wa pekee. Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na mwezi uliofuata Kimbunga Hidaya kiliikata barabara ya kwenda Lindi. Katika magari mengi ya Kijerumani, vifaa vya umeme vinavyoongoza milango, taa na hata injini huwekwa chini ya zulia au kwenye buti. Maji ya magotini, ambayo pikipiki inayavuka na kuendelea na safari, yanaweza kuliua gari hilo bila kuligusa injini.

Vipuri vya Toyota hupatikana Kariakoo, na vingine hata Ikwiriri. Fundi wa chini ya mwembe anaijua injini yake kwa masikio. Gari la Kijerumani husomwa kwa kompyuta, na kompyuta ya kweli, yenye programu ya aina ile ya gari, iko Dar es Salaam. Gereji bubu isiyo nayo hubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, na kila ubahatishaji unalipwa na mwenye gari.

Mashine ya Kijerumani iliyozama Rufiji

Watu wa delta hawahitaji kwenda mbali kupata funzo. Mwaka 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa miongoni mwa meli zenye kasi katika pwani hii. Septemba 20 mwaka huo iliizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar. Baada ya ushindi huo mitambo yake ikaharibika. Ilijificha katika mikono ya Rufiji, eneo la Salale, na sehemu zilizoharibika zikasafirishwa nchi kavu, kwa jasho la wabebaji Waafrika, hadi karakana za Dar es Salaam kutengenezwa.

Sehemu zilirudi zikiwa zimetengenezwa, lakini makaa ya mawe yalikuwa adimu na Waingereza walikuwa wamekwisha ziba milango ya delta. Meli ilikaa humo miezi kadhaa. Julai 11, 1915 ilipigwa na kuzamishwa na mabaharia wake wenyewe, na mabaki yake yakamezwa na matope ya mto. Mizinga yake ilitolewa na kuendelea kutumika nchi kavu, na mmoja unaonekana hadi leo Fort Jesus, Mombasa.

Meli ile haikuwa mbovu kwa ubunifu. Ilishindwa kwa sababu ilikuwa mbali na karakana, mbali na mafuta yake, na katika maji yasiyoifaa. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Gari la kifahari lililoegeshwa chini ya mnazi kwa miezi sita likisubiri kipuri kutoka ng'ambo liko katika hali ileile.

Fedha ileile, kazi nyingine

Ni vema ikafahamika kwamba gari si dhambi na starehe si kosa. Mkulima aliyevuna kwa jasho ana haki ya kukaa kwenye kiti cha ngozi. Tatizo linakuja pale fedha ya gari inapokuwa ndiyo mtaji wenyewe, au inapotoka katika mkopo wa kausha damu uliowekewa shamba rehani. Mtaji ukishageuka gari bovu, msimu unaofuata hakuna salfa, hakuna palizi, na mavuno yanapungua. Hapo familia inakuwa imepoteza mara mbili.

Fedha ya aina hiyo ina kazi nyingine nyingi Kibiti. Kirikuu iliyotumika inabeba nazi, mananasi na samaki hadi sokoni na kurudi na bidhaa za duka. Pawatila inalima mpunga wa bondeni kwa wakati, kabla maji hayajapanda. Mashine ya kukoboa mpunga inamwezesha mkulima kuuza mchele badala ya mpunga. Katika visiwa na vijiji vya delta, injini ya boti inafikisha kamba kwenye barafu wakiwa bado wabichi, na tofauti ya saa chache ndiyo tofauti ya bei. Boti hiyo hiyo humfikisha mjamzito hospitali usiku.

Anayetaka heshima ya siku moja, kwa mfano ya kumsindikiza bwana harusi, anaweza kukodi Mercedes-Benz kutoka Dar es Salaam na kuirudisha kesho yake. Heshima ataipata, na bili ya gia boksi itabaki kwa mwenye gari.

Kwa aliyeamua kununua

Wapo ambao wamepiga hesabu zao vizuri na uwezo wanao. Hao nao wanahitaji tahadhari.

Kwanza, wasidanganyike na namba. Gari lenye namba inayoanzia na herufi E limesajiliwa Tanzania hivi karibuni, lakini linaweza kuwa limetengenezwa miaka 20 iliyopita. Umri wa kweli usomwe katika namba ya chasisi, ambayo kwa magari ya Kijerumani ya miaka hii ina herufi na tarakimu 17, na ulinganishwe na kadi ya gari.

Pili, gari lipimwe kwa kompyuta na fundi aliyechaguliwa na mnunuzi, si wa yadi, kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika nafasi. Injini iwashwe asubuhi ikiwa ya baridi. Moshi wa buluu unaotoka wakati huo, au mlio wa cheni upande wa mbele wa injini, ni ishara ya kurudisha fedha mfukoni. Taa zote za onyo ziwake ufunguo unapofunguliwa na zizime injini inapowaka. Taa isiyowaka kabisa huenda imezimwa kwa makusudi.

Tatu, wachague rahisi ndani ya ghali. Injini ya silinda nne ina mengi machache ya kuharibika kuliko ya silinda nane. Springi za chuma ni afadhali kuliko shokapu za upepo. Tairi la akiba liwepo.

Nne, wasimalize fedha zote kwenye bei. Anayeshindwa kuweka kando angalau theluthi moja ya bei kwa ajili ya matengenezo ya mwaka wa kwanza, gari hilo bado hajaliweza. Bima kubwa nayo iingizwe katika hesabu.

Tano, malipo yapite benki, na gari lihamishwe jina TRA mara moja. Karatasi ya makubaliano iliyoandikwa kwa kalamu barazani si kadi ya gari.

Mamlaka nazo zina sehemu yake. Lingekuwa jambo jema iwapo kila yadi ingelazimika kubandika mwaka wa kutengenezwa kwa gari kwenye kioo, kwa maandishi makubwa kama yale ya bei. Tume ya Ushindani na Shirika la Viwango wanaweza kulisimamia hilo bila gharama kubwa. Vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo hukutana na wakulima kabla ya mnada, vitenge saa moja ya mkutano kuzungumzia matumizi ya fedha, si bei peke yake. VETA nayo iwaandae vijana wa Pwani kusoma magari ya kompyuta, kwa kuwa hata Toyota za leo zinaelekea huko, na fundi anayejua kazi hiyo atakuwa na ajira Kibiti kwa miaka mingi.

Kuna jambo ambalo wengi wanaoitazama nyota ya Mercedes-Benz hawalijui. Zile ncha tatu zinawakilisha injini za nchi kavu, za majini na za angani. Mwaka uleule wa 1886 ambao Gottlieb Daimler alifunga injini kwenye mkokoteni wa magurudumu manne, aliifunga pia kwenye boti na kuijaribu mtoni. Kwa Mjerumani huyo, injini ilikuwa chombo cha kazi, na ilikwenda mahali kazi ilipo.

Mkulima na mvuvi wa Rufiji afanye vivyo hivyo. Atazame kwanza kazi yake iko wapi, shambani, bondeni au majini, na apeleke injini huko. Kazi hiyo ikishalipa misimu mitatu au minne mfululizo, mtaji ukiwa salama na ada zimelipwa, hapo aende Dar es Salaam na achague BMW ya rangi aipendayo. Atakuwa ameinunua kwa faida, na hata ikilala kwa fundi mwezi mzima, nyumbani kwake chakula kitaendelea kupikwa.